Daftari la Nusura

Kazi yangu ilikuwa kubaki nje.
Kukaa juu ya jiwe jeusi lenye makali,
na daftari la mistari, na saa ya baba:
wameingia wanne, saa nne na dakika kumi;
wasipotoka saa saba, nimpigie Papa Mugisho
mwenye kamba na gari.
Ni hilo tu. Hata mbuzi angeweza.

Pikipiki tuliziacha Mugunga, tukatembea
juu ya moto wa zamani uliolala kwa mikunjo,
uji uliofurika sufuria, asiwepo wa kupangusa.
Chini yake kuna bomba. Lava ilipita humo,
ikaenda zake, ikaacha ganda,
na sisi wa Goma, tunaojenga juu ya kilichotuunguza,
Jumapili tunaingia kutazama utumbo wake.

Kavugho aliwasha mshumaa, akaufunga kwenye fimbo,
usawa wa goti.
Sikuli akacheka: "Tunaenda mkesha? Marehemu nani?"
Kavugho hakujibu. Nyanya yake alichunga upande wa Sake,
alijua asubuhi isiyo na upepo
mazuku hutuama bondeni, maji yasiyoonekana,
na wa kwanza kulala ni mdogo.
Mwanambuzi, mbwa, mtoto.
Kifo kile kinapima kimo.

Waliyonisimulia hayalingani.
Mupenda asema walikuwa wamepita kona ya tatu.
Nabintu asema hapakuwa na kona yoyote,
Mupenda alikuwa anatembea amefumba macho.
Wanakubaliana hapa: tochi ya Sikuli ilidondoka,
ikabingirika shimoni, ikaendelea kuwaka kule chini,
nzuri kabisa, inamwita.
Shimo lenyewe kina cha beseni la kufulia.
Nani aogope beseni?
Aliinama.
Kavugho akashusha fimbo ili amwone vizuri
na mshumaa ukazimika.
Haukuyumba. Haukuaga.
Ulikuwepo, haupo.

"Sikuli, simama."
Si kwa kelele. Nabintu asema ilikuwa ile sauti
ya kumwambia mtoto kuna nyoka karibu na mguu wako.
Hakusimama. Magoti yalishakuwa ya mtu mwingine.
Kavugho akavuta pumzi, akaibana,
akashika mkanda wa suruali (mkanda, jamani,
wa soko la Birere, dola moja na nusu)
akamvuta kwa mkanda huo hadi hewa ilipoanza kuwa hewa.
Tochi ikabaki.
Huenda iliwaka hadi Jumatatu, ikilimulikia jiwe.

Wakatoka wanne.
Niliwahesabu mara tatu, muuza mayai na trei yake.
Sikuli alitapika, akaomba soda,
akauliza nani atamlipa tochi.
Tulicheka sana, kicheko kirefu
ambacho hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiacha.
Tukaapa mama zetu wasijue.

Sasa niandike nini?
Hakuna aliyekufa. Hakuna turubai mbele ya nyumba,
hakuna viti vya kukodi, hakuna shangazi
anayefika kwa basi na mfuko wa maharage.
Ajali iliyofika hupewa tarehe na maua.
Isiyofika humezwa na soda.
Lakini lugha yetu ina neno, nusura:
nusura afe, na Mungu amnusuru,
kupotea na kuokoka katika kinywa kimoja,
kama pango, ambalo mlango wa kuingilia
ndio huohuo wa kutokea.

Nikaandika:
Mshumaa usiachwe, hata wakicheka.
Kila mtu tochi mbili.
Kitu kikianguka, kimeanguka.
Mkanda imara. (Hapo Kavugho alisoma begani kwangu, akatabasamu.)

Nilipobaki peke yangu nikaongeza mstari
ambao wao hawajausoma:
Walitoka saa saba na dakika arobaini.
Simu sikupiga.
Jua lilikuwa tamu, jiwe lilikuwa na joto.
Kilichoniamsha ni kikohozi cha Sikuli.